Kuboresha Bila Kibali

Kazi yangu ni upimaji wa barabara, na mazoea yangu ni kuandika nilichokiona mwenyewe, si nilichosimuliwa. Sitaeleza njia iliyonifikisha nchi ya Borazidi. Ilikuwa ndefu, na msomaji hatapata faida yoyote kwa kuijua. Nitaeleza mambo ya Kileleni, mji mkuu wa nchi hiyo, na kesi ya karani mmoja aitwaye Siwema, ambayo mimi mwenyewe niliitwa kuitolea ushahidi.

Wananchi wa Borazidi ni watu wapole, wasafi, wenye adabu. Wana sheria wanayoiita Sheria Kuu, nayo imechorwa kwa rangi juu ya mlango wa kila ofisi ya serikali: HUDUMA YA LEO NI BORA KULIKO YA JANA. Mgeni anaweza kudhani ni maneno ya kutia moyo. Sivyo. Ni tamko la kisheria, na anayelipinga hushtakiwa. Sheria hiyo imeingia hata kwenye salamu. Ukimuuliza mtu hali yake, anajibu, "Bora kuliko jana." Siku ya pili tangu nifike nilihudhuria mazishi, nikampa mfiwa mkono na kumuuliza hali. Alifuta machozi kwa mkono wa kanzu, akasema, "Bora kuliko jana," na waliokuwa karibu wakainamisha vichwa.

Nilipangiwa kukaa nyumbani kwa fundi seremala, Makungu, mtu mrefu wa makamo asiyependa maneno mengi. Kazi haikumwishia, kwa sababu ndiye aliyetengeneza masanduku ya maoni ya Halmashauri. Nilimkuta analipiga msasa moja, la mninga, limenakshiwa maua pembeni, na juu lina tundu la kutumbukizia karatasi. Nililizungusha mara mbili.

"Linafunguliwa wapi?" nikamuuliza.

"Halifunguliwi, bwana mgeni. Mlango haumo kwenye mchoro walioniletea."

"Likijaa je?"

"Wananiagiza jingine, zuri kuliko hilo. Yaliyojaa yako ghalani. Kila Ijumaa yanafutwa vumbi."

Hakucheka, nami sikucheka.

Mke wake, Mishi, alikuwa na mimba ya miezi minane, na hiyo ndiyo iliyokuwa hofu ya nyumba ile. Borazidi mwanamke hapokelewi kwenye wodi ya wazazi mpaka awe na cheti cha kujifungulia, na cheti hutolewa na Halmashauri tu. Zamani kilitolewa tangu mwezi wa tano wa mimba. Idara ya Maboresho ikaona kwamba wengi wanapoteza vyeti vyao katika kusubiri, ikaboresha: sasa kinatolewa mwezi wa nane, na foleni yake ni siku nane au tisa. Mishi alikuwa akihesabu kwa vidole, kisha anaacha kuhesabu na kuendelea kupika.

Mimi nami nilihitaji hati ya mgeni, inayotolewa kwa foleni hiyo hiyo. Kwa hiyo asubuhi ya siku yangu ya nne tulikwenda sote watatu.

Ukumbi wa Halmashauri ya Kileleni ni mpana na una madirisha saba ya huduma. Niliambiwa kwamba zamani lilikuwa moja, lakini Idara ya Maboresho inatakiwa kwa sheria kuleta boresho kila mwaka, na boresho lililo rahisi kuonekana ni dirisha jipya. La kwanza hupokea maombi. La pili huandika jina la mwombaji, jina la baba yake na mtaa wake. La tatu hukagua kama la pili limeandika. La nne huandika tena jina, jina la baba na mtaa, katika daftari lake lenyewe. La tano hugonga muhuri. La sita humuuliza mwombaji kama ameridhika, na kumpa fomu yenye majibu mawili, "Nimeridhika" na "Nimeridhika sana". La saba hutoa cheti. Karatasi huhamishwa kutoka dirisha moja kwenda jingine mara moja kwa siku, saa tisa alasiri, juu ya sinia. Ndiyo maana aliyepita dirisha moja leo hurudi kesho kwa linalofuata.

Siku ya kwanza ya foleni alikuja Afisa Maboresho, Bwana Farijala. Alikuwa mtu mstaarabu sana, mwenye viatu vinavyong'aa na kamba ndefu aliyoishika kwa ncha mbili pamoja na mwenzake. Waliitandaza kamba kando ya foleni, wakatuomba kwa upole wengine tusogee kulia kidogo, wengine kushoto.

"Mnapima urefu?" nikamuuliza, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

"Urefu hatupimi," akasema. "Tunapima unyoofu. Mwaka juzi foleni hii ilikuwa imepinda vibaya. Sasa tumepata kikombe cha foleni iliyonyooka kuliko zote katika wilaya." Akamtazama Mishi, aliyekuwa ameshika kiuno. "Mama, tumbo lako limetokeza kidogo nje ya mstari. Geuka ubavu. Ahsante sana."

Siku ya pili tukapita dirisha la pili, kwa karani mzee aitwaye Bwana Shauri, ambaye aliandika bila kuinua macho. Siku ya tatu tukapita la tatu. Siku ya nne, karibu saa tano, tukafika dirisha la nne, na hapo ndipo nilipomwona Siwema.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye kovu dogo juu ya nyusi. Aliniuliza jina langu, nikamwambia Badru. Jina la baba, nikamwambia Sudi. Kisha akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Bwana Badru, umesimama hapa siku nne. Kitu gani kimekuchosha zaidi?"

"Bora kuliko jana," nikajibu, nikidhani ananisalimu.

"Sikukuuliza hivyo."

Watu nyuma yangu wakasogea karibu kusikiliza. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba jina la baba yangu nimelitaja mara tatu katika ukumbi mmoja. Akaliandika hilo kwenye kipande cha karatasi. Akamuuliza na Mishi.

"Mimi ni kurudi, dada," Mishi akasema. "Kusimama ninasimama. Lakini nikifikiria kwamba kesho nitarudi tena, na kesho kutwa, na huyu hajui foleni…" Akaweka mkono tumboni, asimalize.

Siwema aliitazama ile karatasi ya Mishi. Akatazama dirisha la tano, ambapo karani wa muhuri alikuwa amekaa anasubiri sinia la saa tisa. Akasimama. Akatoka nyuma ya meza yake na karatasi mkononi, akatembea mpaka dirisha la tano, akaiweka mbele ya mwenye muhuri, akamwambia, "Gonga." Yule karani kwa mshangao akagonga. Akaipeleka la sita, akaipeleka la saba. Akarudi kuchukua na yangu, akafanya vivyo hivyo. Kabla ya adhuhuri Mishi alikuwa na cheti chake, na mimi hati yangu. Baadaye niliipima ile safari kutoka dirisha la nne hadi la tano. Ni hatua kumi na mbili.

Tulipokaribia nyumbani Makungu alipunguza mwendo. Ndipo aliponiambia kwa nini Siwema amefanya vile, au kwa nini yeye anadhani amefanya. Mwaka uliopita mwanamke mmoja aitwaye Kazija alizidiwa na uchungu akiwa kwenye foleni, akajifungua sakafuni mbele ya dirisha la nne. Siwema ndiye aliyemshika kichwa. Mtoto hakuishi. Taarifa ya Idara ya Maboresho ya mwezi ule, ambayo nimeisoma, ina mstari mmoja kuhusu jambo hilo: "Huduma ya uzazi imesogezwa karibu zaidi na wananchi."

Nilirudi ukumbini siku zilizofuata kwa sababu ya udadisi tu. Siku ya kwanza nilikuta Siwema amehamisha meza yake, ameliruka dirisha la tatu, ikagusana na ya Bwana Shauri, na wote wawili wanaandika katika daftari moja. Mzee alikuwa amenuna. Kila Siwema alipomuuliza jambo, alijibu kwa kikohozi. Ukutani, kando ya dirisha lake, Siwema alikuwa amebandika karatasi yenye kichwa KILICHOTUSHINDA LEO, na chini yake ameandika: "Wino uliisha saa nne, hatukuwa na akiba. Mama mmoja amerudi nyumbani bure kwa sababu hatukumwambia mapema aje na jina la mtaa."

Kesho yake mlangoni kulikuwa na tangazo la vitu vya kuja navyo, na chupa mbili za wino juu ya meza. Kesho kutwa karatasi ilisema jambo baya zaidi: "Tumechanganya vyeti vya wanawake wawili wenye jina moja. Kosa limetokana na daftari moja tulilolianzisha sisi wenyewe." Nilidhani hapo watarudi kwenye mtindo wa zamani. Badala yake waliongeza safu ya jina la bibi mzaa mama, wakawapelekea wale wanawake vyeti sahihi majumbani kwao. Bwana Shauri ndiye aliyevipeleka, kwa miguu yake. Siku ya sita nilimsikia akimwambia Siwema, "Binti, andika na langu. Leo nimemfokea mzee wa watu bila sababu." Siwema akaandika.

Kufikia mwisho wa juma la pili, aliyeingia saa mbili asubuhi alitoka saa nne.

Bwana Farijala alikuja siku ya kumi na tatu na kamba yake. Akasimama katikati ya ukumbi.

"Foleni iko wapi?" akauliza.

"Imekwisha, Bwana Afisa," Siwema akasema.

"Imekwisha vipi, saa nne na nusu hii?"

"Watu wamehudumiwa, wamekwenda."

Alikunja kamba polepole, akaisoma ile karatasi ukutani kuanzia juu mpaka chini, kisha akakaa kwenye benchi na kuomba maji. Nilimwonea huruma, maana hakuwa mtu katili. "Dada Siwema," akasema, "nani alikupa kibali?"

"Kibali cha nini?"

"Cha kuboresha."

"Sikuomba."

"Basi unaelewa kwamba nitalazimika kuandika."

"Andika tu, Bwana Farijala," akasema Siwema. "Hata mimi ninaandika."

Kesi ilisikilizwa na Baraza la Madiwani, kwa kuwa Borazidi makosa ya watumishi hayapelekwi mahakamani. Mashtaka yalikuwa mawili: kuboresha bila kibali, na kuandika kasoro kwenye ukuta wa serikali wakati kasoro zote ziliondolewa kwa azimio miaka kumi na moja iliyopita. Asubuhi ile, kabla hatujaingia, Bwana Farijala alinivuta pembeni.

"Utaulizwa kuhusu foleni," akaniambia. "Ninakuambia kwa wema tu. Mgeni anayesema kwamba jana ilikuwa mbaya hupewa siku tano za kuondoka nchini."

Nilikuwa nimekusudia kukaa Borazidi miezi mitatu. Nilikuwa na barabara zao za kupima na daftari nusu tupu. Nilimshukuru.

Mjadala ulianza vizuri kwa upande wa mashtaka. Diwani mmoja mwenye sauti ya utulivu alisimama akasema, "Waheshimiwa, inadaiwa kwamba foleni ilikuwa siku nane, na sasa ni asubuhi moja. Kama ni hivyo, zile siku nane zilikuwa mbaya. Kama zilikuwa mbaya, taarifa kumi na moja tulizozipitisha katika ukumbi huu zilikuwa za uongo. Taarifa iliyopitishwa na Baraza haiwezi kuwa ya uongo. Kwa hiyo foleni haikuwahi kuwa siku nane." Akaketi, akapigiwa makofi.

Mwingine akauliza kwa unyenyekevu: kama hakuna kilichobadilika, huyu dada anashtakiwa kwa lipi? Swali hilo lilichukua nusu saa na halikupata jibu.

Wa tatu, mtu mzito mwenye miwani, alisimama kwa shida. "Binti yangu alipata cheti Jumanne," akasema. "Aliingia saa mbili, akatoka saa nne. Mimi nilidhani wamemharakisha kwa heshima yangu. Sasa ninaambiwa hata mke wa muuza mkaa alitoka saa nne." Akabaki amesimama kidogo, kana kwamba hajaamua kama afurahi au akasirike. "Ni hayo tu, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Kisha nikaitwa mimi. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye kilemba cheupe, aliniuliza huduma niliyopata siku ya nne ya foleni ilikuwaje.

"Bora kuliko ya siku ya tatu," nikasema. Makofi yakapigwa. Nilikuwa nimesema kweli na nimeitii sheria kwa wakati mmoja, na moyoni nilijipongeza.

"Na ya siku ya tatu?" akauliza.

Jibu nililijua, hata watoto wa Borazidi wanalijua. Nilimtazama Siwema. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe, kama mtu anayengoja kuambiwa aondoke ili akashughulikie mambo mengine. Kama angenitazama kwa kuniomba, nadhani ningejibu kama nilivyofundishwa.

"Siku ya tatu," nikasema, "nilisimama kuanzia saa mbili mpaka saa tisa ili mtu akague kama jina la baba yangu limeandikwa. Lilikuwa limeandikwa vibaya. Walikagua kwamba lipo, hawakukagua kama ndilo. Ilikuwa mbaya, Mheshimiwa. Na mke wa mwenyeji wangu alisimama pamoja nami akiwa na mimba ya miezi minane."

Hapakuwa na makofi. Bwana Farijala aliandika kitu, nadhani tarehe ya kuondoka kwangu.

Mwenyekiti alikuwa anataka kufunga ushahidi aliposimama Bwana Shauri. Hakuwa ameitwa. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi niko dirisha la pili mwaka wa ishirini na mbili huu," akasema. "Mwaka jana Kazija alikuja kwangu. Mtaa wake ni Mwambani. Mimi nikaandika Mwembeni. Lilikuwa kosa langu, nilikuwa ninawaza mambo yangu. Alipofika dirisha la tatu akaliona mwenyewe, wakaturudishia. Kanuni zetu hazina mahali pa kusema karani amekosea. Nikamwambia yeye ndiye aliyekosea, aanze upya dirisha la kwanza." Akaikunja kofia mikononi. "Siku alizorudia ndizo zilizomfikisha hapo sakafuni. Nimekaa na jambo hilo mwaka mzima. Nilikuwa sina pa kuliandika."

Katibu wa Baraza, aliyekuwa akiandika kila neno, alisimamisha kalamu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "hili niliandike wapi? Kitabu kina safu mbili tu. Mafanikio, na Mafanikio Makubwa."

Mwenyekiti aliinama kukitazama kitabu. "Andika pembeni," akasema.

Ndipo alipomuuliza Siwema kama ana la kujitetea. Siwema alisimama.

"Sikuwa na nia ya kuboresha," akasema. "Nilitaka kujua watu wanachoshwa na nini. Nikijua moja, tunalijaribu. Likikubali, linatokea jingine nyuma yake. Likikataa, tunaliacha. Hata sasa hatujamaliza. Benchi ni moja, na wanaotoka mbali wanafika wamechelewa kwa sababu tunafungua mapema kuliko wanavyoweza kufika. Sijui tutafanyaje hapo." Akatazama saa ya ukutani. "Kama Baraza halinihitaji tena, naomba nirudi. Wapo watu wanasubiri."

Hakuruhusiwa kurudi. Baraza lilikwenda kula, likarudi na maazimio, nami niliyanakili kama yalivyosomwa. Kwa kuwa hakuna kilichobadilika, mshtakiwa hana hatia. Kwa kuwa mabadiliko hayo ni mazuri, yamefanywa na Idara ya Maboresho. Meza ya dirisha la nne ifungwe kwa skrubu sakafuni palepale ilipo, ili isihamishwe tena na mtu yeyote. Karatasi ya ukutani iwekwe kwenye fremu ya kioo kwa heshima. Nakala zake zichapwe kwa ajili ya kila ofisi nchini, zikiwa zimejazwa tayari kasoro za mwaka mzima, siku kwa siku, kama zitakavyoidhinishwa na Idara. Na Siwema apandishwe cheo awe Mshauri Mkuu wa Kasoro, apewe chumba ghorofa ya nne.

Ukumbi ulipiga makofi marefu. Siwema alinyoosha mkono.

"Huko ghorofa ya nne," akauliza, "watu wanapita?"

"Hapana," Mwenyekiti akamjibu kwa fadhila. "Ni mahali pa utulivu."

"Basi kazi hiyo siiwezi, Mheshimiwa."

Kukataa heshima si kosa katika sheria za Borazidi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukataa. Walinong'onezana. Mwishowe ikatangazwa kwamba Siwema atahamishiwa Kata ya Mabondeni, mpakani kabisa, ambako barabara ni mbovu kiasi kwamba hakuna Afisa Maboresho aliyefika kwa miaka sita. Wakaliita hilo kusogeza huduma.

Nilipotoka nje nilimkuta jirani mmoja wa Makungu ananitafuta. Mishi alikuwa amepelekwa wodini tangu asubuhi na kupokelewa mlangoni kwa cheti chake. Amejifungua mtoto wa kike, salama, kitandani. Makungu nilimkuta kwenye ngazi za zahanati amekaa, mtu yule mrefu, amejikunja kama aliyepungukiwa na mifupa. Aliponiona hakutaja jana wala leo. Alilia tu, nami nikakaa kando yake.

Siku tano zangu nilizitumia kutazama. Siku ya pili, karani mpya aliyewekwa mahali pa Siwema aliinua macho kwenye nakala iliyochapwa, akasoma kasoro ya siku hiyo, "Wino uliisha saa nne," na ilipofika saa nne akaweka kalamu chini. Chupa ya wino ilikuwa imejaa mbele yake. Siku ya tatu foleni ilifika mlangoni, na Bwana Farijala akaja kuipima. Nilimwona akikaa mara mbili kuisoma ile karatasi iliyo ndani ya kioo. Siwezi kuandika alichowaza.

Bwana Shauri alibaki dirishani kwake. Kila alipomaliza karatasi alisimama, akaipeleka mwenyewe mpaka kwenye muhuri, hatua zaidi ya zile kumi na mbili, akarudi. Msimamizi alipomuuliza anafanya nini, alijibu kwamba daktari amemshauri anyooshe miguu. Foleni yake ilikuwa fupi kuliko nyingine zote, na watu walikuwa wameanza kulijua hilo.

Niliondoka kwa njia ya Mabondeni, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mpaka, na hati yangu ilihitaji kuandikwa kwamba nimetoka. Kama mpimaji, ninaweza kuthibitisha kwamba barabara hiyo ni mbovu kweli. Ofisi ya kata ni chumba kimoja, giza ndani. Siwema alikuwa ametoa meza nje, chini ya ukingo wa paa, na watu kama kumi na watano wamekaa kumzunguka juu ya mawe na magogo. Walikuwa wakibishana kuhusu saa za kufungua ofisi. Mzee mmoja alitaka saa tatu, kwa sababu ya mifugo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alitaka alasiri. Siwema alikuwa ameandika pendekezo fulani kabla sijafika, na inaonekana walilikataa, maana alikuwa akilifuta.

Alinikaribisha kwa furaha, akaniuliza habari za Mishi, nikamweleza. Alifumba macho kidogo. Kisha akapokea hati yangu, akaandika jina langu, akaandika la baba yangu kwa usahihi, akaandika tarehe.

"Siwema," akasema yule mama mwenye mtoto, akiinama juu ya bega lake, "umeandika kumi na mbili. Leo ni kumi na tatu."

"Kweli. Ahsante, mama." Akakata, akaandika upya.

Nilitazama nyuso za wale watu. Yule mama alikuwa amekwisha kumgeukia mzee wa mifugo, anaendelea kubishana naye kuhusu alasiri. Hakuna aliyeshtuka.